Mercedes ya Baba Mkwe

Jumapili moja ya mwezi wa Julai, baada ya misa ya kwanza, mume wangu aliegesha gari karibu na ukuta wa kanisa letu hapa Uru, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Injini haikuzima. Iliendelea kunguruma taratibu, kama ng'ombe anayecheua. Akaurudisha ufunguo, akauzungusha, akauchomoa tena. Gari likaendelea. Watoto wakakusanyika, kisha akina mama wa kwaya, na bibi mmoja akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba mzee amekuja kulichukua gari lake.

Mzee aliyemsema ni baba mkwe wangu, aliyefariki mwaka 2013. Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D, rangi ya maziwa, lililotengenezwa mwaka 1983. Mpenzi msomaji, usidhani nakusimulia habari za mzimu. Nilikuja kujua sababu ya jambo lile, na nitakueleza. Lakini siku ile nilisimama pale na kitenge changu cha Jumapili nikiona aibu, nikawa najiuliza swali ambalo wake wengi wa uchagani wamejiuliza: hivi tumerithi mali, au tumerithi mgonjwa?

Mzee huyu alikuwa kijana mwaka 1967 lilipotangazwa Azimio la Arusha. Alipenda kutusimulia jinsi alivyotembea kwa miguu katika maandamano ya kuliunga mkono, na jinsi walivyowacheka "wabenzi". Kama wewe ni kijana huenda hulijui neno hilo. Siku hizo watu wa Afrika Mashariki waliwapanga viongozi wenye tamaa kama kabila jipya: kuna Wachaga, kuna Wapare, na kuna Wabenzi, wale wanaopita na Benzi huku wananchi wakila vumbi. Azimio liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Mwezi wa Februari 1991, Azimio la Zanzibar likalegeza masharti hayo. Baba mkwe hakuwa kiongozi, alikuwa mhasibu tu huko Dar es Salaam, lakini alisema siku ile alihisi kama ameondolewa nadhiri. Mwaka 1994, karibu na kustaafu, alinunua Benzi ya mkononi kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi.

"Nimekuwa mbenzi uzeeni," alikuwa akisema, na kucheka mpaka machozi.

Kila Desemba alipanda nalo kuja Uru. Wasomaji wa kwetu wanajua Desemba ya Kilimanjaro ilivyo. Barabara hujaa magari ya wana waliorudi nyumbani, na kila gari hupimwa kwa macho kabla mwenyewe hajashuka. Mzee alifika jioni, akapiga honi mara moja tu, mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono, na watoto wa kitongoji kizima wakaja kuona nyota ya mbele. Alipostaafu alihamia kihambani moja kwa moja, na gari likahamia naye. Lakini bei ya kahawa ilikuwa imeanguka tangu mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, na kiinua mgongo hakikudumu. Kihamba cha ekari moja na nusu hakiwezi kulisha Benzi. Ikawa linawashwa Jumapili, kisha Pasaka na Krismasi, kisha misibani tu.

GARI LILILOLALA

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Mashemeji walichukua viwanja, na mume wangu akapewa gari kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsaidia mzee kuliosha. Wote wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana mkamwana hasemi mengi katika kikao cha ukoo, lakini nilihesabu. Gari lilikuwa kwenye jina la marehemu. Ilibidi mume wangu aende mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo ili athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi, ndipo kadi ibadilishwe jina. Mambo hayo yalichukua zaidi ya mwaka. Muda wote huo gari lilikuwa limelala chini ya migomba, na ada ya leseni ya barabara iliendelea kuhesabiwa ingawa halikugusa barabara. Deni hilo liliwaumiza wengi wenye magari mabovu nyumbani, mpaka mwaka 2017 serikali ilipoifuta ada ile ya kila mwaka na kuiweka kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 katika kila lita. Sisi tulikuwa tumekwisha kulipa letu. Mama mwenzangu, mumeo akirithi gari, jambo la kwanza la kuomba kuona ni karatasi. Injini itasubiri.

Nilipofungua boneti kwa mara ya kwanza nilikuta kuku ametaga mayai manne juu ya betri, na panya wametafuna nyaya za taa ya kushoto. Hayo yanaonekana. Yasiyoonekana ndiyo mabaya zaidi. Sisi wauguzi tunajua mgonjwa aliyelala kitandani wiki nyingi bila kugeuzwa hupata vidonda, misuli hunywea, na damu huweza kuganda miguuni. Gari nalo halipumziki likilala. Mipira hukauka na kupasuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Uru, hasa wakati wa masika, ni maji matupu. Maji hayo hula vyuma kwa ndani, na breki ikipata moto huchemka na kuwa mvuke, kanyagio likawa laini kama godoro. Tairi linaweza kuwa na kashata zote na bado likawa limekufa. Tazama ubavuni mwake utaona tarakimu nne: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Matairi ya mzee yalikuwa mazuri kwa macho, na yote manne yalikuwa na umri kumzidi binti yetu wa pili.

Mume wangu hakutaka kusikia habari za tarakimu. Ilikuwa Desemba 2015, ndugu wanakuja, naye alitaka gari la baba yake liwalaki likiwa linang'aa. Alipeleka kunyoosha bodi, kupiga rangi, kusugua bampa, kushona viti upya. Fedha zilitoka wapi? Niliambiwa ni za malimbikizo ya mshahara. Januari nilipofungua bahasha ya ada ya kijana wetu aliyekuwa akianza kidato cha kwanza, nilikuta nusu yake.

Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani, bahasha mapajani. Niliolewa na mwanamume mpole asiyekunywa, asiyetembea nje, na mbele yangu palikuwa na hawara ambaye sikuweza kumchukia, maana alikuwa na harufu ya koti la baba mkwe. Ada tuliikopa kwenye kikundi cha akina mama, na mimi ndiye niliyeirudisha, mwezi kwa mwezi, kwa zamu za usiku.

MTEREMKO

Aprili 2016 mvua zilikuwa kubwa. Usiku mmoja, yapata saa tisa, jirani alitubishia hodi. Mkamwana wake alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na maji yalikuwa yamevunjika tangu mchana. Nilimpima, nikaona mtoto ametanguliza matako. Huyo si wa kuzalishwa nyumbani kwa taa ya chemli. Bodaboda kwenye utelezi ule ilikuwa hatari, na gari la kukodi halikupatikana. Tukamlaza kwenye kiti cha nyuma cha Benzi, mimi nikakaa sakafuni nikimshika, jirani akakaa mbele, mume wangu akashika usukani.

Anayezijua barabara za Uru anajua zinavyoshuka. Mume wangu, kwa kutaka kumtuliza mgonjwa, aliteremka na gia ya juu, mguu ukiwa juu ya breki njia nzima. Nilisikia harufu ya kuungua. Halafu nikasikia, kutoka chini mbele, mlio kama wa mtu anayetema mate, na mume wangu akasema kwa sauti ndogo sana: "Mama, breki."

Kanyagio lilikuwa limezama. Mpira wa breki wa gurudumu la mbele kushoto ulikuwa umepasuka. Magari haya yana mifumo miwili ya breki, wa mbele na wa nyuma, hivyo magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanashika kidogo, lakini kidogo tu, na sisi tulikuwa watu wanne na mtoto mmoja njiani. Mume wangu alifanya jambo moja la akili usiku ule. Hakuzima injini. Angeizima, kile kifaa kinachosaidia mguu kukandamiza breki kingebaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha kanyagio lingekuwa gumu kama jiwe. Aliingiza gia ya pili, gari likapiga kelele, akaingiza ya kwanza, akavuta breki ya mkono, na mwisho akaliegemeza ubavu kwenye ukingo wa udongo. Tulikwaruza kama hatua thelathini. Rangi mpya yote ya upande wa kushoto ikabaki pale.

Tukakaa kimya. Mvua ikipiga paa. Kisha yule binti akanishika mkono na kuniuliza kwa Kichaga kama tumefika.

Lori la mchanga lililokuwa likirudi mjini lilitukuta baada ya robo saa, Mungu ambariki dereva wake. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji alfajiri, msichana, kilo mbili na nusu. Mimi niliumia goti tu. Lakini niliporudi nyumbani niliuchukua ule mpira wa breki uliopasuka, nikauosha, nikauweka mezani kwenye sahani mbele ya mume wangu. Kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono mmoja. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ushonaji wa kiti kimoja. Naye fundi aliyepewa gari zima Desemba ile, akachukua fedha za rangi, hakuwa amegusa gurudumu hata moja, na hakuna aliyemwomba. Mume wangu aliutazama mpira ule, akainama, akalia. Sikumwona akilia hivyo hata kwenye mazishi ya baba yake.

DAFTARI

Hatukuliuza. Mama mkwe alisema ni juu yetu, lakini alisema huku akitazama pembeni. Tulikubaliana hivi: gari liwe na mfuko wake, lisiguse ada wala chakula, na daftari lake nilishike mimi. Nililifungua kama ninavyofungua jalada la mgonjwa: umri, historia, malalamiko, vipimo, matibabu. Mume wangu alicheka mwanzoni. Siku hizi hatoki kwenda gereji bila kuliomba.

Ndivyo nilivyoanza kujifunza. Kama hujui, uliza. Fundi mzuri hapendi mteja mjinga, na fundi mbaya anampenda sana. Niliuliza kwanza juu ya ile Jumapili ya injini isiyozimika. Kumbe injini ya dizeli haihitaji cheche ya umeme ili iendelee kuwaka; mafuta yenyewe huwaka kwa kubanwa na joto. Kwa hiyo kuchomoa ufunguo hakutoshi. Katika gari hili ufunguo hufungua njia ya mvuto wa hewa unaopita kwenye vijirija vyembamba, ukaivuta swichi ndogo kwenye pampu ya dizeli, pampu ikaacha kutoa mafuta. Kijirija kimoja kikipasuka, mvuto unapotea, na gari halizimiki. Dawa ya dharura ni kufungua boneti na kubonyeza kijiti kilichoandikwa STOP juu ya injini. Kiko pale tangu kiwandani! Tulikuwa nalo miaka yote hiyo na hakuna aliyesoma.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina mambo yake. Kabla ya kuwasha unasubiri taa ndogo kwenye dashibodi izimike, ndipo zile plagi za kupasha moto, mafundi wanaziita hita plagi, ziwe tayari. Ziko nne, moja kwa kila silinda. Moja ikifa, injini huamka ikitetemeka na kutoa moshi mweupe, kisha hutulia baada ya muda. Wengi hukimbilia kusema pampu imekufa, na pampu ni fedha nyingi. Anza na plagi. Oili na filta yake tunabadilisha kila kilomita 5,000, na valvu hupimwa na kusetiwa, maana injini hizi hazijirekebishi zenyewe. Mafuta ya breki tunamwaga na kuweka mapya kila mwaka kabla ya masika. Kuteremka Uru ni gia ya pili. Nimemwambia kijana wetu, ambaye sasa ana leseni, kwamba nikimkuta ameweka nutro na kuzima injini eti anabana mafuta, ufunguo utalala kwangu, na atatembea.

Kutu tunaiwinda chini ya mazulia na pale jeki inapoingia. Spea zinapatikana, jambo lililonishangaza. Gari la familia hii, ambalo mafundi wa nje huliita W123, lilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi mwanzoni mwa 1986, na yalitoka karibu milioni 2.7. Kwa hiyo kuna mizoga mingi ya kuchuna. Taa, vioo na milango nanunua ya mtumba bila wasiwasi. Breki, tai rodi na mikanda ya kufunga abiria, kamwe. Hivyo hununuliwa vipya hata kama ni kungoja miezi miwili.

Fundi wetu wa sasa, mzee wa Moshi mjini mwenye maneno mengi, alimsimulia mume wangu habari za dereva teksi wa Ugiriki ambaye Mercedes yake 240D ya mwaka 1976 ilitembea kilomita milioni 4.6, mpaka kampuni ikaichukua mwaka 2004 na kuiweka kwenye makumbusho. Ni kweli. Lakini nilipochunguza nikakuta kwamba yule Mgiriki alikuwa akibadilisha injini mara kwa mara, moja iko kazini, nyingine inafanyiwa matengenezo. Wanaume wakisimulia hupenda kuliacha hilo.

Na mimi nina hadithi yangu ya kuwajibu. Mwezi wa Agosti 1888, Bertha Benz, mke wa Karl Benz aliyetengeneza gari, alilichukua gari la mumewe bila kumwambia, pamoja na wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, safari ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kwa gari. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta aliyanunua duka la dawa. Na breki za mbao zilipoanza kuisha miteremkoni, alimwendea fundi viatu akamwomba azipigilie ngozi. Nilipoisoma habari hiyo niliufikiria mteremko wetu. Hata jina Mercedes ni la msichana, binti wa mfanyabiashara aliyeyanunua na kuyauza magari hayo mwaka 1900, na kwa Kihispania maana yake ni huruma au rehema. Mume wangu aliishi na gari hilo tangu ujana na hakulijua hilo.

Je, linatugharimu? Naam. Linakunywa kama lita tisa au kumi za dizeli kwa kilomita 100, na mwaka jana mfuko wake ulitumia shilingi 1,140,000 mbali na mafuta na bima. Kwa fedha hizo ningeweza kununua mbuzi kadhaa, na mwaka ambao mfuko ulikuwa mtupu gari lilikaa chini ya turubai miezi mitano, ndugu wakaja Desemba wakalikuta hivyo hivyo. Mume wangu aliwaambia mwenyewe: halina breki, haliendi. Nilikuwa jikoni nikisikia.

Mwaka huu amekuja mtu kutoka Arusha anayekodisha magari ya zamani kwa maharusi. Ametaja milioni tisa. Binti yetu wa pili anataka kusoma ufamasia, na hizo ni fedha za kweli. Tumemwambia arudi mwezi wa nane. Jioni ile mama mkwe alitoka na kigoda chake, akakaa karibu na mlango wa mbele wa abiria, upande aliokuwa akikaa Desemba zile, akaanza kuchambua maharage. Hakusema kitu, nasi hatukumwuliza.

Daftari linasema: mipira ya breki yote minne, mipya, Machi. Matairi mawili ya mbele, mapya. Hita plagi ya silinda ya tatu imekufa, bado haijanunuliwa. Ile rangi ya ubavuni kushoto hatujaipaka tena tangu 2016. Yule mtoto wa kilo mbili na nusu hupita hapo kwenda shule, na akipita huparuza kidole kwenye mikwaruzo.